Mashine ya Nevia

Siku Nevia aliponunua mashine ya kahawa, dada yake Licia alicheka. Alisema mtu mwenye mikono miwili mizima hana haja ya dubwana la kumsagia, kumpimia na kumchemshia kahawa, halafu lenyewe likalia kutaka kuoshwa kama mtoto mchanga. Hiyo ilikuwa Desemba. Februari ilipofika, Licia alikuwa hacheki tena.

Jambo lilianza Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, huko Opicina, kilimani juu ya mji wa Trieste, nyumbani kwa Nevia na mumewe Tullio. Mama yao, Bi Ersilia, alikuwa na miaka themanini na saba. Ujanani alifanya kazi katika maghala ya bandarini, yeye na wanawake wenzake, wakichambua kahawa punje moja moja kwa mikono, nyeusi upande huu, zilizovunjika upande ule, kutwa nzima mpaka vidole vinuke gunia. Kwa hiyo katika familia ile Mama akisema kahawa ni mbovu, basi ni mbovu, na hakuna wa kukata rufaa. Jumapili hiyo Nevia alibonyeza kitufe, mashine ikanguruma, ikatema kikombe kidogo cha espreso chenye povu la rangi ya asali iliyokolea. Mama akanusa, akaonja.

"Hii ndiyo," akasema.

Maneno mawili tu, lakini yalimwingia Licia kama sindano iliyovunjikia kwenye nyama ya kidole. Kwa miaka tisa, tangu Mama avunjike nyonga, alikuwa akikaa naye katika nyumba yake ya vyumba viwili mtaani San Giacomo. Licia hakuwahi kuolewa. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kubana na kulegeza magauni ya harusi za wengine, na kazi yake aliifanyia hapo hapo nyumbani ili Mama asibaki peke yake. Kila asubuhi, kwa miaka hiyo tisa, aliteleka birika dogo la alumini, akammiminia Mama kahawa, akamkatia kipande cha mkate wa zabibu. Mama alikuwa akisema asante. "Hii ndiyo" hakuwahi kuisema hata mara moja.

Baada ya Jumapili ile Mama akaanza kubakiza nusu kikombe. Hakulalamika, alibakiza tu, na Licia alipomwaga ile nusu kwenye sinki alihisi kama anamwagwa yeye. Kisha Nevia akaanza kuja na gari kila Jumatano kumchukua Mama akanywe kahawa Opicina. Hilo Licia angelimeza. Kilichomkaa kooni ni hereni. Mama alikuwa na hereni ndogo za marijani alizozivaa Krismasi na kwenye mazishi. Sasa alizivaa kila Jumatano, tangu saa mbili asubuhi, akakaa kitini mlangoni na mkoba mapajani, akimsubiri Nevia.

"Mama, atakuja saa tisa," Licia alimwambia siku moja.

"Najua. Nakaa tu."

Licia alikaa kwenye cherehani na kushona, na kila akipiga pindo alikuwa akimhesabia mdogo wake mambo. Nevia alipata macho ya baba. Nevia alisomeshwa, akaajiriwa kwenye kampuni ya bima. Nevia alipata mume, nyumba yenye bustani, na jiko pana kama ukumbi wa dansi. Mwenye kuku anamwonea wivu mwenye yai moja, alijiambia. Na yai lenyewe ndiye Mama. Usiku alilala vibaya, na akiamka neno la kwanza kichwani lilikuwa jina la mdogo wake.

Basi akaamua. Kama ni mashine, hata yeye atakuwa na mashine, na Mama atakunywa hapa hapa San Giacomo.

Alijua hawezi kununua kama ya Nevia, ambayo bei yake ilikuwa sawa na magauni matatu ya harusi. Alichukua futi yake ya kushonea, akapima nafasi iliyokuwapo kati ya meza ya jikoni na kabati la juu: sentimita thelathini na tisa, wala si nukta zaidi. Kisha akateremka mjini siku ya upepo mkali ambao watu wa Trieste huuita bora, nao ukamsukuma mgongoni mpaka mlangoni mwa duka la vyombo vya umeme kana kwamba nao una haraka ya kumwona akinunua.

Muuzaji alikuwa msichana mrefu, Ambra, mwenye miwani iliyokaa juu ya nywele. Licia alimwambia anataka mashine inayofanya kila kitu yenyewe, iwe ya bei ya kawaida, na kahawa yake iwe sawa na ya mashine ghali. Ambra hakucheka. Alimpitisha kwenye rafu polepole. Alimwonyesha kwamba kwenye zile za bei ya juu mtu analipia skrini za rangi, vyombo vya kupiga maziwa na vitufe vya vinywaji kumi na viwili ambavyo watu hunywa viwili tu. Akamfungulia moja ndogo nyeusi ya plastiki, akachomoa kutoka ubavuni kile kidude kinachokandamiza unga wa kahawa.

"Hiki ndicho cha kuangalia, mama. Kinatoka, unakiosha chini ya bomba. Kuna mashine hakitoki, na huko ndani ukungu unaota. Tangi la maji linatolewa kwa mbele, kwa hiyo hata ikikaa chini ya kabati haikusumbui. Ila inapiga kelele. Sikufichi."

"Na kahawa?"

"Nzuri, ukiitengeneza vizuri. Hapa juu kuna kidude cha kuzungusha, cha kulainisha unga au kuufanya mkubwa. Lakini usikiguse mashine ikiwa kimya, mama. Zungusha wakati inasaga tu. Ukikibana wakati mashine imelala, meno ya kusagia yanang'ang'ana, na asubuhi yake injini inaungua." Akaweka mkono juu ya mashine. "Anayekunywa ni nani?"

"Mama yangu."

"Anapenda vipi? Fupi au ndefu? Ya moto sana? Kahawa yenyewe ya kuchomwa sana au kidogo?"

Miaka tisa Licia amemmiminia kahawa, na hakujua. Kwa birika lile hakukuwa na cha kuchagua, ilitoka jinsi ilivyotoka. Ambra aliona uso wake ukibadilika, akamwambia kwa upole kwamba mashine haitakimbia, aende kwanza akaulize, arudi.

Angeweza kumuuliza Mama. Lakini kumuuliza Mama ilikuwa sawa na kukiri, na kiburi hakikumruhusu. Jumatano iliyofuata akapanda gari la Nevia pamoja na Mama, akisema hana kazi siku hiyo. Nevia alifurahi waziwazi, jambo ambalo lilimuudhi Licia zaidi.

Kule Opicina Mama alikunywa kahawa yake, akaenda kuketi kwenye kiti chenye mikono sebuleni, mlango wazi, akafumba macho. Jikoni Nevia alimfundisha dada yake kila kitu bila kuulizwa mara mbili: kikombe kifupi, kipashwe moto kwanza, kahawa ya kuchomwa wastani iliyonunuliwa wiki hiyo hiyo. Alikuwa anaeleza huku anafuta meza, mwekundu mashavuni, na Licia aliyashika yote kama mwizi anayeorodhesha fanicha.

"Kuna kitu nataka kukwambia, dada," Nevia akasema kisha, bado anafuta. "Nimeongea na Mama. Aje akae hapa wiki mbili za Machi. Chumba cha chini nimeshakipaka rangi. Amekubali."

"Amekubali lini?"

"Jumatano iliyopita."

Jumatano iliyopita Mama alirudi nyumbani, akala supu ya maharage na kabichi aliyopikiwa na Licia, akasema asante, akaenda kulala. Hakutaja lolote. Wiki mbili, Licia aliwaza. Kwanza ni kikombe, halafu Jumatano, halafu wiki mbili, halafu nitabaki na kitanda kitupu na birika.

"Vizuri," akasema.

Nevia alishuka chini kumletea sampuli ya rangi ya chumba ili aione. Licia akabaki peke yake na ile mashine, ndefu, inayong'aa, taa zake zimezima. Hakupanga. Baadaye aliapa moyoni kwamba hakupanga, na ilikuwa kweli, ila mkono ulijua njia. Aliinua kifuniko cha juu, akakipata kidude, akakizungusha mpaka mwisho, tak tak tak tak tak, mashine ikiwa kimya kabisa. Akashusha kifuniko. Nevia aliporudi na kipande cha kadibodi chenye rangi ya krimu, Licia akasema rangi inapendeza.

Simu ililia kesho yake asubuhi. Mashine ilikuwa imekoroma, ikanuka waya ulioungua, ikafa. Nevia alikuwa na sauti ya mtu aliyeangusha mtoto wa mwenzake. Alidhani ni Tullio aliyetia kahawa yenye mafuta, wakagombana hata chai hawakunywa, na Tullio akatoka bila kuaga. Fundi alikuwa amesema itachukua mwezi.

"Mwambie Mama basi ile safari ya Machi tuiache kwanza," Nevia akamalizia. "Bila mashine nitamleta huku kwa lipi?"

Licia aliposhusha simu alisikia furaha ikimpanda kutoka miguuni, moto, kama mtu aliyekunywa kinywaji kikali tumboni mna njaa. Ile sentensi ya mwisho ilimgusa mahali fulani, lakini hakusimama kuisikiliza. Siku hiyo hiyo akateremka kwa Ambra, akamwambia fupi, ya moto, kuchomwa wastani, akatoka na boksi mikononi.

Ile nyeusi ya plastiki iliingia chini ya kabati ikabakiza sentimita mbili. Kelele zake zilimfanya jirani wa juu agonge sakafu. Mama alitazama yote hayo kutoka kitini bila neno. Alipopewa kikombe cha kwanza alionja, akakirudisha juu ya kisahani.

"Maji ya kuoshea vyombo," akasema. "Unga ni mkubwa. Washa tena, na ikisaga, niwekee mkono wangu hapo juu."

Licia akamshika kiwiko, akamsimamisha. Mashine ikanguruma, na vidole vya Mama, vilivyopinda kama mizizi ya tangawizi, vikazungusha kidude hatua moja, vikasubiri, vikakaa. Kikombe cha pili nacho hakikufaa. Kesho yake walirudia. Walimwaga, wakawasha, wakamwaga. Licia hakukumbuka lini mara ya mwisho alisimama bega kwa bega na Mama yake kwa kazi isiyokuwa kumvisha, kumwogesha au kumpa dawa. Siku ya tatu Mama aliacha kikombe kikiwa kitupu.

"Inakaribia," akasema.

Licia alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi. Ingemtosha kushukuru, lakini wivu haushibi kwa nusu sahani.

"Inakaribia ya Nevia?"

Mama akaanza kufuta povu lililobaki ukingoni mwa kikombe kwa kidole.

"Kidude cha ile ya Nevia nakizungusha mimi," akasema. "Nevia sikumruhusu akiguse, hana mkono. Kinalia tak. Kila hatua, tak moja. Siku ile kililia mara tano, na mashine haikuwa inasaga, na Nevia alikuwa chini."

Licia akaweka kitambaa cha vyombo mezani.

"Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Masikio bado."

"Umemwambia?"

"Mimi? Mimi ni mama wa wote wawili. Nimezaa watoto, sikuzaa kesi." Akakisukuma kikombe mbele. "Nilingoja uniambie. Siku ya kwanza, siku ya pili. Leo umeniuliza kama inakaribia ya Nevia."

Licia akaketi. Alitaka kumweleza habari za hereni, za nusu kikombe, za miaka tisa ya asante, na aliyaeleza kweli, kwa fujo, yakitoka ya mwisho kabla ya ya kwanza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwamba hereni alizivaa kwa sababu alikuwa anatoka, na mtu akitoka huvaa. Wewe uko nami ndani, akasema, ningevaa hereni niende wapi, chooni? Kuhusu kahawa akasema ile ya birika hakuipenda tangu mwanzo, lakini mtu anayeamka saa kumi na mbili kukutengenezea huwezi kumwambia hivyo. Lile jibu la kahawa lilimuuma Licia kuliko yote, na Mama hakulilainisha.

Kesho yake alipanda basi kwenda Opicina. Njia nzima alitunga maneno mazuri, na alipofunguliwa mlango yakamtoka yote kichwani. Akalisema lile moja akiwa bado na koti: mashine yako niliiharibu mimi, kwa makusudi, Tullio hana kosa.

Nevia alirudi jikoni kama hakusikia. Pale mashine ilipokuwa pamebaki mraba mweupe juu ya meza, naye akaanza kuufuta, ingawa ulikuwa safi.

"Miaka tisa, Licia," akasema baadaye. "Miaka tisa namuomba mama yangu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Leo amechoka, Nevia. Leo ana mafua, Nevia. Leo kuna upepo. Nikija namkuta ameshaoga, ameshakula, ameshachanwa nywele, na mimi nakaa pembeni kama mgeni aliyekuja kuona mgonjwa. Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu? Hata sabuni anayonukia ni yako." Akakunja kitambaa. "Nikafikiri ninunue kitu ambacho wewe huna. Kingekuwa punda, ningenunua punda."

Licia alitaka kumkaribia. Nevia akainua mkono.

"Sijasema sitakusamehe. Lakini leo nenda."

Akaenda. Basi la kurudi lilichelewa, akasimama kituoni kwenye upepo akiwaza jambo lililomshangaza: kwamba miaka yote hiyo mtu alikuwa akimwonea wivu yeye, Licia, fundi cherehani wa vyumba viwili, na yeye hakuonja hata tone la raha yake.

Nevia hakupiga simu wiki tatu. Licia alimlipa fundi wa mashine bila kuambiwa, na Nevia alipokea bila kushukuru, jambo ambalo Licia aliliona ni haki. Tullio, inasemekana, aliombwa radhi kwa samaki wa kuchoma. Kisha Ijumaa moja mwishoni mwa Machi gari likasimama chini, Nevia akapanda ngazi, akamsalimia Mama kwanza, akamgeukia dada yake na kusema alichokuja kusema. Mama atakuwa Opicina kila Ijumaa mpaka Jumapili jioni. Atalala huko. Ataogeshwa huko, na Licia asimtumie sabuni wala maelekezo kwenye karatasi.

"Na dawa ya presha je?" Licia akauliza.

"Nimesoma, dada. Najua kusoma."

Mama alikuwa ameshavaa hereni.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kwanza kwa miaka tisa ambayo Licia aliamka na hakukuwa na mtu wa kumhudumia. Alikaa kitandani mpaka saa tatu. Akaenda sokoni, akanunua mayai na radikio, mboga ya majani machungu, akapika chakula cha mtu mmoja, kikazidi. Alijaribu kushona gauni la binti mmoja wa mtaani akashona mkono wa kulia upande wa kushoto, akafumua. Saa tisa alishindwa, akachukua simu.

"Amekunywa dawa," Nevia akasema kabla hajaulizwa. "Amekula. Amelala kidogo na ameamka. Tumekwenda mpaka bustanini na fimbo. Kuna lingine?"

Licia alijua akate hapo. Alijua kabisa.

"Na kahawa?" akauliza. "Amesemaje?"

Upande wa pili Nevia akacheka, kicheko cha mtu ambaye hakutaka kucheka.

"Fundi amebadilisha meno ya kusagia. Mama amesema ni chungu. Amesema ya San Giacomo sasa hivi imeipita."

"Pole," Licia akasema.

"Muongo mkubwa wewe."

"Ndiyo."

Waliagana. Licia akasimama katikati ya jikoni, na ile furaha mbaya ikampanda tena kutoka miguuni kama siku ile ya kwanza, ingawa safari hii ilipofika kifuani iliikuta aibu imeshakaa. Hakujua afanye nini na vitu viwili vile kwa pamoja. Akachukua gauni la yule binti, akatafuta mkono wa kushoto, akaanza kuushona upya.